Samuel Feijóo na wachoraji wasiopita shule: uhuru wa nani?

Wakulima wa Kuba husimulia habari za Mama wa Maji, nyoka mkubwa mwenye pembe anayekaa kwenye mito na mabwawa. Akiwepo yeye, maji hayakauki hata kiangazi kiwe kikali namna gani. Akiondoka, yanaondoka naye. Husimulia pia habari za güije, kijitu kifupi cheusi cha mtoni kinachochungulia juu ya maji na kuzama kabla hujamwita mwenzako aje kushuhudia. Yupo na cagüeiro, mtu mwenye uwezo wa kujigeuza mnyama akifukuzwa. Aliyezunguka vijijini miaka mingi akizikusanya simulizi hizi, akaziandika na kuzichora, ni Samuel Feijóo, aliyezaliwa tarehe 31 Machi 1914 San Juan de los Yeras, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Las Villas, na kufariki Havana tarehe 14 Julai 1992. Alikuwa mshairi, mwandishi wa riwaya, mhariri wa majarida, mkusanyaji wa methali na vitendawili, na mchoraji. Uchoraji hakuusomea chuo chochote.

Kila anayeandika juu ya Feijóo hufika haraka hapo: alijifunza mwenyewe. Husemwa kwa sifa, na mara nyingi husemwa kana kwamba linatosha kueleza mengine yote. Wapo wanaoamini kwamba mawazo yake yalibaki na nguvu kwa sababu hakuna mwalimu aliyeyagusa. Wapo wanaoona kwamba hiyo ni ndoto ya watu wa mjini wanaopenda msanii wa kijijini abaki alivyo. Naona kila upande una hoja nzito. Lakini pande zote mbili zinaliruka swali ambalo kwangu ndilo kubwa. Mchoraji asiye na shule anahitaji mtu wa kumchapisha, kumwonyesha na kumtetea, na mtu huyo hupata madaraka makubwa juu yake. Katika Las Villas, mtu huyo alikuwa Feijóo mwenyewe.

Tuanze na michoro, kwa kuwa bila hiyo mjadala wote ni maneno matupu. Feijóo alichora mandhari ya mashamba kwa rangi, lakini ni kwenye wino ndipo anapotambulika mara moja. Katika michoro yake mingi ni kama kalamu haipumziki. Mstari unaanza kama nyusi ya mtu, unageuka tawi, tawi linatoa jicho, jicho linakuwa tumbo la ndege. Ndani ya uso mmoja mna nyuso nyingine, zingine zimelala ubavu, zingine zinacheka. Miti inatazama. Mnyama ana vidole vya binadamu. Hakuna aliyewekwa mbali ili aonekane mdogo. Kila kiumbe kinapewa ukubwa kulingana na nafasi yake katika hadithi. Ukitazama kwa haraka utaona fujo. Ukitulia nao utaona kwamba nafasi nyeupe zimeachwa kwa makusudi, na weusi umekolezwa pale ambapo mchoraji anataka jicho lako litue. Mkono huo umezoezwa sana. Kwamba hakuna aliyemsimamia hakupunguzi kazi aliyojifanyisha mwenyewe, na hili husahaulika kila mtu asiye na cheti anaposifiwa kwa kipaji peke yake.

Sasa upande wa kwanza, wa wanaosema shule ingemharibu. Hawa si watu wa kubeza. Chuo cha San Alejandro kilianzishwa Havana mwaka 1818, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa mchoraji Mfaransa, Jean-Baptiste Vermay. Kwa zaidi ya miaka mia moja, aliyetaka kuitwa mchoraji nchini Kuba alitakiwa kupita pale na kuuzoea mwendo wa vyuo vya Ulaya: kunakili kwanza, vipimo kwanza, ya kwako baadaye. Hata wale waliokuja kuuleta uchoraji wa kisasa Kuba, kama Víctor Manuel na Amelia Peláez, walisoma San Alejandro, kisha wakaenda Paris miaka ya 1920, na kazi walizorudi nazo zilikuwa mbali na walichofundishwa nyumbani. Mwaka 1937 Eduardo Abela alianzisha Havana studio huria ya uchoraji na uchongaji ambako wanafunzi hawakubanwa na kanuni za chuo. Haikudumu, ilifungwa baada ya miezi michache, lakini inaonyesha kwamba kuichoka shule hakukuwa kilio cha wakulima tu. Waliosoma ndio walilia kwanza.

Kwa hiyo wanaomtetea Feijóo wanauliza: mtoto wa shamba la miwa, ambaye kichwani ana güije, angefaidika nini kwa kunakili sanamu za plasta? Güije angetoka na miguu ya Kigiriki. Kinachochorwa hapa kimetoka katika masimulizi ya usiku, katika hofu ya kuvuka mto, katika mchanganyiko wa imani za Waafrika waliopelekwa Kuba utumwani, za Wahispania na za wenyeji wa kale wa kisiwa. Vipimo vya San Alejandro havikutengenezwa kwa ajili ya viumbe hao. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Kuna picha ambazo zikisahihishwa zinakufa.

Feijóo hakuishia kujichorea. Mwaka 1958 alianzisha jarida la Islas katika Chuo Kikuu cha Las Villas mjini Santa Clara, ambako pia aliongoza utafiti wa mila na simulizi. Mwaka 1969 akaanzisha jingine, Signos. Lile la pili ndilo lililokuwa moyo wake. Matoleo yake ni manene kama vitabu, na ndani mambo yamechanganywa bila kupangwa kwa vyeo: kitendawili cha mkulima, ngano ya Mama wa Maji, utani wa mitaani, mchoro wa mtu ambaye hajawahi kujiita mchoraji. Kumzunguka Feijóo kulikua kundi la wachoraji wa Las Villas, watu wa kawaida wa mashambani na wa miji midogo, ambao aliwahimiza wachore yaliyomo kichwani mwao na wasijali nani atasema nini. Benito Ortiz wa Trinidad, mji wa kale mkoani humo, aliyeuchora mji wake kwa rangi kali, ni mmoja wa wanaokumbukwa.

Wakati nao ulimsaidia. Mapinduzi ya 1959 yalitaka utamaduni utoke kwa wananchi. Mwaka 1961 vijana walisambazwa nchi nzima kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Feijóo alikuwa ameanza zamani kuwasikiliza watu hao hao ambao serikali sasa ilitaka kuwasikia. Na hali haikuwa shwari: hadi katikati ya miaka ya 1960, milima ya Escambray, iliyo ndani ya mkoa huo huo wa Las Villas, ilikuwa uwanja wa vita kati ya jeshi la serikali na makundi yenye silaha yaliyoyapinga Mapinduzi. Mtu aliyeendelea kukusanya vitendawili na michoro mkoani humo katika miaka ile alikuwa na imani kubwa na kazi yake.

Sifa zilifika hadi Ulaya. Mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet, ambaye tangu 1945 alikuwa akikusanya kazi za watu walio nje kabisa ya ulimwengu wa sanaa, aliwasiliana na Feijóo, na mwaka 1983 jumba la Lausanne, Uswisi, linalohifadhi mkusanyo wa Dubuffet lilifanya maonyesho ya wachoraji hawa wa Kuba. Kwa upande wa kwanza huo ulikuwa ushindi kamili. Michoro ya watu wa Las Villas ilitundikwa Ulaya bila kuomba kibali cha chuo chochote.

Upande wa pili unaanzia hapo hapo Lausanne. Dubuffet alitafuta watu ambao utamaduni wa wasomi haujawafikia. Je, Feijóo ni mtu huyo? Alikuwa amechapisha mashairi tangu miaka ya 1940. Aliandika riwaya juu ya Juan Quinquín, mkulima mjanja anayehangaika na kila aina ya kazi, ambayo Julio García Espinosa aliigeuza filamu mwaka 1967. Alihariri jarida la chuo kikuu, aliandikiana na wasanii wa Paris. Huyu ni msomi, mmoja wa wasomi wenye bidii zaidi Kuba ilipata kuwa nao katika karne ile. Alikosa darasa la kuchora, basi. Kumweka kundi moja na mtu aliyejifungia peke yake chumbani akichora bila kujua kwamba kuna kitu kinaitwa makumbusho ni kumpunguzia Feijóo kazi aliyoifanya, na ni kumdanganya mtazamaji. Dubuffet mwenyewe, kwa taarifa, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo aliyewahi kusoma uchoraji Académie Julian huko Paris kabla ya kuondoka. Watetezi wakubwa wa wasiosoma huwa wamesoma kidogo.

Wale wakulima nao hawakuishi gizani. Kuba ni nchi ambayo maboksi ya sigara yalibandikwa picha za rangi zilizochapwa kwa ustadi mkubwa tangu karne ya 19. Picha za watakatifu zilitundikwa nyumbani, Bikira wa El Cobre, mlinzi wa Kuba, akiwa wa kwanza. Palikuwa na kalenda, magazeti, matangazo ya dukani. Macho yao yalikuwa yamefundishwa, ila waliowafundisha hawakuitwa walimu. Ukisema mtu fulani mawazo yake hayajaguswa na chochote, unalofanya ni kufuta vitu alivyoviona na kuvipenda.

Tena, shule haiwaui wote. Manuel Mendive, aliyezaliwa Havana mwaka 1944, alihitimu San Alejandro mwaka 1963. Amechora miungu ya Wayoruba, samaki wenye sura za watu, wafu wanaotembea na walio hai, na sijaona popote katika kazi zake ambapo cheti kilimwibia güije wake. Ruperto Jay Matamoros naye anakaa katikati ya mabishano haya na kuyavuruga. Alizaliwa mashariki ya kisiwa mwaka 1912, akapita katika studio huria ya Abela mwaka 1937, na akaendelea kuchora misitu, ndege na maisha ya shamba kwa namna ambayo kila mtu aliiita ya wasiosoma. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Taifa ya Sanaa. Miezi michache ya kuwa na wachoraji wengine, rangi za kutosha na mtu wa kukuuliza unaona nini, hiyo ni shule au si shule? Kwangu ni shule bora kuliko nyingi, na ndiyo aina ya shule ambayo Feijóo aliwapa watu wa Las Villas bila kuiita hivyo.

Hoja ya upande wa pili inayoniuma zaidi inahusu riziki. Mchoraji akishabandikwa kwamba hakusoma, anatakiwa asibadilike. Akijaribu kivuli, akijaribu kuchora mkono kwa umbile lake halisi, mnunuzi anamwambia ameanza kuharibika. Trinidad iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988. Miaka ya 1990 Kuba ikatumbukia katika uhaba mkali baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika, na utalii ukawa mkombozi. Maduka yakajaa barabara za mawe na nyumba za rangi zinazofanana, zikirudiwa na kurudiwa. Siwalaumu wanaozichora, watu lazima wale. Lakini inaonyesha kwamba kutosoma, ambako kwa Feijóo kulikuwa mlango wa kuingilia popote, kunaweza kuwa boma.

Nimesema pande zote mbili zinaliruka swali la madaraka. Nani aliamua ni mchoro upi uingie Signos? Nani aliamua kwamba huu una uhai na ule umeiga? Ni Feijóo. Jicho lake lilikuwa zuri, na ukarimu wake ulikuwa wa kweli; bila yeye kazi nyingi za watu wale zingeishia kuwashia moto jikoni. Ila mhariri anayependa viumbe wa ajabu atapelekewa viumbe wa ajabu. Watu wanajua anachokitaka anayechapisha. Baadhi ya michoro ya kundi lile inafanana na ya Feijóo kiasi kwamba unajiuliza uhuru huo ulikuwa wa nani. Hili haliwi kosa la jinai, na karibu kila kundi la wasanii lina mtu wa namna hiyo. Lakini ukisema hawakuwa na mwalimu, umeficha nusu ya habari.

Ukurasa mmoja wa gazeti ndio unaofanya suala hili la madaraka lisibaki nadharia. Tarehe 15 Aprili 1965, Feijóo alichapisha katika gazeti la El Mundo la Havana makala juu ya Mapinduzi na maovu. Humo aliwashambulia mashoga, na hakuishia kuwashutumu kwa tabia: alidai kwamba nchi ya wanaume kama Kuba haiwezi wala haipaswi kuelezwa na waandishi na wasanii wa aina hiyo. Ilikuwa makala ya mwandishi dhidi ya waandishi wenzake. Novemba mwaka huo huo serikali ilifungua kambi za kazi za kijeshi, zilizojulikana kwa herufi UMAP, katika mkoa wa Camagüey, na ndani yake walipelekwa mashoga, waumini wa madhehebu yaliyotiliwa shaka na vijana wengine walioonekana hawafai. Zilifungwa mwaka 1968. Mwaka 2010 Fidel Castro mwenyewe, akihojiwa na gazeti la La Jornada la Meksiko, alikiri kwamba walitendewa dhuluma kubwa na kwamba yeye ndiye wa kubeba lawama.

Wanaomtetea Feijóo husema mambo matatu. Kwamba chuki ile ilikuwa ya jamii nzima na ya dola nzima, wala hakuibuni yeye. Kwamba makala moja haiwezi kuwa kipimo cha mtu aliyefanya kazi nusu karne. Na kwamba mtu wa Santa Clara mwenye karatasi na wino hakuwa na uwezo wa kumpeleka yeyote kambini. Yote matatu yana ukweli. Sidai kwamba makala yake ndiyo iliyojenga kambi. Uamuzi huo ulitoka juu. Mtu hafutwi kwa siku moja ya maisha yake.

Lakini hoja ya pili ndiyo inayonishinda kuimeza nzima. Makala ile haiko mbali na kazi yake ya nusu karne. Imegusa kiini chake. Maisha yake yote Feijóo alipigania kanuni moja, kwamba hakuna chuo wala mkubwa wa Havana mwenye haki ya kusema nani anaweza kuieleza Kuba. Mkulima wa San Juan de los Yeras anaweza. Mama wa nyumbani anaweza. Kisha akachukua kalamu ile ile na kuandika kwamba wapo wasioweza, si kwa sababu ya kazi zao, bali kwa sababu ya wanavyoishi. Waliofungiwa mlango na San Alejandro walifunguliwa na yeye, kisha yeye akasimama mlangoni na kuchagua. Katika michoro yake mwanamume ana tumbo la ndege, mwanamke ana mizizi, hakuna kiumbe mwenye mwili wa aina moja, na hakuna anayeadhibiwa kwa hilo. Mkono ulikuwa mkarimu kuliko mwenye mkono.

Baadhi ya wanaolijua hili wanasema basi tuiache michoro. Sikubaliani nao. Michoro ile haibebi makala ile. Yeyote anayeitazama ataona kinyume chake. Na ukiiacha, unawaacha pia Benito Ortiz na wenzake ambao majina yao yanajulikana kwa kuwa yalipita kwenye kurasa za Feijóo. Hao hawakuandika chochote kwenye El Mundo. Nisichokubali ni ile tabia ya kumpamba Feijóo kama mtoto wa asili, mtu wa porini aliyechora bila kujua, asiyewajibika kwa maneno yake kwa kuwa yeye ni wa mizimu na mito. Sifa hiyo ya kutosoma hapa inafanya kazi mbaya: inamwosha. Mtu aliyehariri majarida mawili, aliyejua uzito wa kila ukurasa alioupeleka kiwandani kuchapwa, alijua alichokiandika tarehe 15 Aprili.

Kwa hiyo kwenye mabishano ya shule na kutosoma, namwegemea mwenye kusema Feijóo alikuwa na bahati ya kutofundishwa kuchora, kwa kuwa mstari ule usingezaliwa darasani. Namkataa anayetaka kuifanya bahati hiyo kuwa sheria kwa wengine, au kinga kwa yeye mwenyewe. Na kwa makumbusho yoyote yatakayoitundika tena michoro hii, ningependa kuona mambo mawili tu. Wachoraji wa Las Villas watajwe kila mmoja kwa jina, kazi alizofanya kabla ya kushika brashi na miaka yake, wasiwekwe kwenye ukuta mmoja kama ukoo wa Feijóo. Na kwenye kabati la vioo, kando ya matoleo ya Signos, uwekwe ule ukurasa wa El Mundo, uso juu, pamoja na tarehe yake.